Tela Lisilotaka Kurudi Nyuma

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Nimeanza daftari hili kwa sababu ya boti.

Kwa miaka ishirini na mbili pale kampuni ya usafirishaji nilijaza kadi ya kazi kila siku: gari gani, ubovu gani, nimefanya nini. Mwaka jana wakatupunguza kazini, karakana ikafungwa kwa mnyororo, na tangu hapo mkono wangu ukifika mchana unatafuta kalamu wenyewe. Sasa nina gereji nyuma ya nyumba yangu hapa Majengo, na kuanzia leo nina boti uani.

Ni nyeupe, ina mstari wa buluu ubavuni. Marafiki wa parokia huko Ulaya wameituma. Ilikuja kwa meli, ikapanda treni hadi Mbeya, kisha ikapita Tunduma juu ya tela lake ikivutwa na Landrova ya parokia. Itakuwa inabeba wagonjwa kutoka vijiji vya ufuoni hadi Kasanga. Binti yangu Edith ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja huko, mahali ambapo barabara haifiki.

Padri Beda alikuja nayo mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee Oswaldi."

"Milele amina, Padri."

"Hili tela linakwenda mbele kama malaika. Kurudi nyuma halitaki. Na boti haiingii majini bila tela kurudi nyuma. Nisaidie kabla mvua hazijafunga ule mteremko wa Kasanga."

Nikamwambia ni kazi ya siku mbili.

Mke wangu, Dominika, ameizunguka boti mara tatu akiwa na jembe begani. Kutoka hapa hadi ziwani ni zaidi ya kilometa mia. "Maskini," akasema, "inakaaje mbali namna hii na maji?" Akaipapasa kama mtu anayempapasa mgeni aliyechoka safari.

Jumatano, 10 Novemba

Dereva wa parokia amekuja na Landrova tujaribu. Anaitwa Masunga, kijana wa miaka kama thelathini, Msukuma. Wazazi wake walihamia Milepa na ng'ombe wao miaka ya themanini. Ndugu yangu Nestory analima huko huko Milepa, na mwezi wa tano ng'ombe waliingia shambani mwake wakala mahindi mistari kumi na minne. Sisemi ni ng'ombe wa baba yake Masunga. Lakini alipoinama kunisalimia, "Shikamoo mzee," niliitikia huku nikitazama upande mwingine.

Aliunganisha tela, akaingiza gia ya nyuma. Uani kwangu ardhi inapanda kidogo kuelekea ukutani. Tela lilirudi hatua moja, magurudumu yakakamata yote mawili, yakaburuzwa kwenye udongo kama miguu ya mbuzi anayepelekwa asikotaka. Nikamwambia anaachia klachi vibaya. Akarudia polepole. Ikawa vile vile.

Alhamisi, 11 Novemba

Upepo siku nzima. Sikufanya lolote la maana.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimefungua magurudumu. Ndani kulikuwa na kutu, kama nilivyotegemea: tela limesafiri baharini. Viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu kulisimamisha, nimevisugua kwa msasa, springi nimezisafisha kwa mafuta ya taa, sehemu zinazocheza nimezipaka grisi kidogo. Kazi safi. Nikizungusha gurudumu kwa mkono linazunguka mpaka ninachoka kulitazama.

Saa saba mchana nilipanda ndani ya boti kula. Nimegundua kwamba ni mahali pazuri pa kuandikia. Kuta zake zinazuia upepo na kelele za redio za madukani. Ukilala chali unaona mbingu peke yake. Mikaratusi ya jirani inavuma, mawingu yanapita juu haraka, na ghafla si mawingu yanayokwenda, ni wewe. Nilishika ukingo kwa mikono miwili. Mzee wa miaka hamsini na mbili, nimeshika ukingo wa boti iliyo juu ya udongo wa Majengo, naogopa kuzama.

Jumatano, 17 Novemba

Linakamata bado.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi ameniletea barua ya Edith kutoka Kasanga. Ninainakili sehemu moja, ili niache kuisoma tena na tena:

"Baba, wiki iliyopita tulimweka mama mmoja kwenye mtumbwi alfajiri, uchungu ukiwa na siku mbili. Wanaume wanne walipiga kasia. Ziwa lilichafuka, wakajibanza kwenye miamba wakisubiri. Amefia mtumbwini, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mtoto naye. Nasikia boti iko kwako. Nimefurahi iko kwako."

Nimemsomea Dominika. Alichukua jembe akaenda shambani, ingawa jua lilikuwa limeshainama.

Alhamisi, 18 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa uani, mabawa yao yamefunika sakafu yote ya boti. Dominika amekaanga.

Jumatatu, 22 Novemba

Chini ya tela kuna waya wa chuma unaotoka kwenye magurudumu kwenda mbele, hadi kwenye shingo, yaani ule mkono mrefu unaoshikana na Landrova. Hapo unapotelea ndani ya mpira mweusi wenye mikunjo, kama kodiani. Nilidhani waya umekwama. Nimeuchomoa wote, nimeupaka grisi, nimeurudisha. Mpira sikuufungua. Umekauka, ningeupasua, na mpira kama huo hata Dar es Salaam sidhani upo. Kampuni yetu ilikuwa na matela ya malori yenye breki za upepo, hayo nayajua nikiwa nimefumba macho. La namna hii sijapata kuliona, ila hilo sikumwambia mtu.

Tumejaribu tena. Linakamata.

Masunga akashuka, akasimama akilitazama. Akasema, "Mzee, jana nililipeleka pale parokia. Ule uwanja unateremka. Nikirudi nyuma kwa kuteremka, linakwenda bila tabu. Nikirudi kwa kupanda, linakaza. Hata tambarare linakaza kidogo."

"Kutu haijui kupanda wala kuteremka," nikamwambia.

"Sawa mzee."

Akaenda zake. Nilifurahi kumwona anaondoka.

Jumatano, 24 Novemba

Nimelipata.

Kwenye ule waya kuna nati za kukazia. Nimezilegeza zote hadi mwisho, viatu vya breki vimekaa mbali na ngoma ya gurudumu. Masunga amerudi nyuma, amepanda uani hadi ukutani, tela likimfuata kwa utii. Majirani wamepiga makofi.

Masunga peke yake hakupiga. Alikuja akainama chini ya tela, akautazama waya unaoning'inia.

"Mzee, wakati tunatoka Mbeya nayo, kwenye miteremko tela lilikuwa linajishika lenyewe. Nilikuwa nalisikia nyuma yangu. Ukilegeza hivi, litajishika?"

"Tela linajishikaje? Lina mguu wa kukanyagia?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Breki ziko sawa?" akauliza.

"Ziko sawa."

Jumamosi, 27 Novemba

Dominika amemaliza kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, kama tulimavyo huku, shamba lote limekuwa kama kundi la kobe waliolala. Tunaondoka Jumanne. Nimepanda botini mara ya mwisho. Mvua nyepesi ilikuwa inapiga turubai, nikasinzia, nikaota Edith ni mdogo anatembea juu ya maji akiwa amebeba viatu vyake mkononi ili visilowe.

Alhamisi, 2 Desemba

Naandika kwa shida, kichwa kimefungwa bandeji. Lakini nataka iandikwe kabla sijaanza kuipamba.

Jumanne tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, Masunga akiendesha, mimi pembeni yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyanda zote. Vilima vilichomoza juu yake kimoja kimoja, na kila nilipogeuka niliiona boti kwenye dirisha la nyuma, nyeupe ndani ya weupe, inatufuata bila magurudumu, bila barabara. Nakumbuka niliwaza kwamba sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kwamba nimekitengeneza mimi.

Kabla ya Msanzi kuna kimteremko kidogo. Masunga alikanyaga breki, nikahisi kitu kinatugusa mgongoni. Kitu kidogo tu, kama mtu aliye nyuma yako kwenye foleni ya kanisani. Masunga alinitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Matai tulikunywa chai. Aliniuliza, "Mzee, tuendelee?" Nikamjibu, "Wanatusubiri."

Kisha uwanda unakwisha. Mtu ambaye hajafika pale hawezi kujua: unakwenda, unakwenda, nchi ni tambarare kama meza, halafu meza inakwisha na chini kabisa kuna ziwa, la buluu, limetulia kana kwamba halijawahi kumuua mtu. Barabara inashuka kwa kujikunja. Mvua ya jana yake ilikuwa imeacha udongo mwekundu unaong'aa.

Kona ya kwanza tuliipita. Baada ya hapo tela lilianza kutusukuma, si kwa kugusa tena. Masunga alishusha gia hadi ya kwanza, injini ikalia, na bado tulikuwa tunaongeza mwendo. Alikanyaga breki. Landrova ikapunguza, tela likakataa, likaja ubavuni. Niliiona boti kwenye kioo cha upande wangu, mahali ambapo haikutakiwa kuwa, inanitazama.

Upande wa kushoto kulikuwa na bonde. Masunga akasema neno moja kwa Kisukuma, akauzungusha usukani wote kulia, akaigonga Landrova kwenye ukingo wa mlima.

Baada ya hapo kimya. Nilisikia maji yanatiririka mahali fulani, nikadhani tumefika ziwani. Yalikuwa ni maji ya rejeta. Damu yangu ilikuwa inaingia jichoni. Masunga alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, chini ya kiwiko, na mkono umepinda mahali ambapo hauna kiungo.

"Umeumia, mzee?" akaniuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

Watu walipanda kutoka mashambani. Lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu kutoka bandarini likatuvuta. Kila aliyeuliza, Masunga alimjibu hivyo hivyo: "Barabara. Utelezi." Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe hatua tatu kutoka kwake, nasikia, nimenyamaza.

Jumapili, 5 Desemba

Sikwenda misa.

Jumanne, 7 Desemba

Nimekwenda hospitali kumwona Masunga. Amewekewa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Mama yake alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, amesafiri kutoka Milepa na kibuyu cha maziwa mgando. Nilipoingia akanyanyuka, akanipigia magoti kidogo kunisalimia, akanimiminia maziwa kikombe kizima. Nilikunywa. Sikujua nitazame wapi.

Mama alipotoka kwenda kuchota maji, nikasema, "Masunga, breki hazikuwa sawa."

"Najua mzee."

"Ulijua lini?"

"Toka kile kimteremko cha Msanzi."

"Kwa nini ukaendelea?"

Alifikiri sana, kama mtu anayetafuta jibu lisilomuumiza mwenzake. "Nilikuuliza, ukasema ziko sawa. Wewe ndiye fundi. Nikasema labda mimi ndiye sielewi."

"Na kwa nini unawaambia watu ni barabara?"

"Una gereji, mzee. Mimi mkono utapona."

Nimefanya kazi na madereva maisha yangu yote. Wengi huvunja gari wakasema ni fundi. Huyu amevunjika mkono kwa sababu ya fundi, anasema ni barabara.

Kabla sijaondoka, akaanza kuzungumza kuhusu tela, macho yakiwa darini, kana kwamba analiona pale. "Nyumbani tuna mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe ukimvuta anakuja. Ukimsukuma kwenye shingo, anakaza miguu yote minne. Hili tela nalo ni hivyo hivyo. Nadhani ugonjwa wake hauko magurudumuni, mzee. Uko shingoni."

Jumatano, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Baada ya misa nilimfuata Padri Beda sakristia, nikamweleza yote: kwamba nililegeza breki, kwamba Masunga aliniuliza mbele za watu nikamcheka, kwamba sikuwa najua tela lile linafanya kazi vipi na nikasema najua. Nilieleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi.

Padri alikunja kanzu yake taratibu, akaiweka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nimeshaandika barua Ulaya kwamba barabara ni mbovu," akasema. Kisha: "Kuna fundi Mbeya ameahidi kuja kulitazama."

"Ni haki yako, Padri."

"Atakuja mwezi wa tano, barabara ikikauka."

Nadhani wote tuliwaza mwezi wa tano kwa namna moja, tukiwahesabu wanawake waliokuwa na mimba sasa hivi kule chini.

"Niachie mpaka Krismasi," nikasema. "Safari hii nisipojua, nitakuambia sijui."

Akaitundika kanzu msumarini. "Majirani watajua. Siwezi kumwachia Masunga abebe uongo huu."

"Wajue."

Ijumaa, 10 Desemba

Wamejua. Magari mawili yaliyokuwa yananisubiri yameondolewa. Mvua.

Jumamosi, 11 Desemba

Mvua.

Jumanne, 14 Desemba

Ukungu umeingia mpaka uani, boti imerudi pale pale ilipokuwa, ina mkwaruzo mrefu ubavuni. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya tela tangu asubuhi bila spana. Nililitazama tu. Dominika alikuja akaniwekea uji wa ulezi, akaenda. Akarudi akachukua bakuli, hakuuliza.

Ule mpira wenye mikunjo ulikuwa umepasuka kwenye ajali. Ndani yake kulikuwa na chuma kinachong'aa, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimekiogopa kipande cha mpira.

Nikakumbuka maneno ya Masunga. Nikainuka, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikashika ncha ya shingo kwa mikono miwili, nikaisukuma kama mtu anayemsukuma ng'ombe.

Ikaingia ndani.

Shingo ina vipande viwili. Cha mbele kinateleza ndani ya cha nyuma. Kikiingia kinavuta ule waya, na waya unakaza breki. Nilisukuma, nikaachia, nikasukuma, nikaachia. Nikakaza nati za waya kidogo kwa vidole, Dominika akashika gurudumu lililopandishwa jeki: nikisukuma linakataa kuzunguka, nikiachia linazunguka.

Basi ni hivyo. Landrova ikipunguza mwendo, tela linaiegemea, shingo inaingia, breki zinakamata. Linajishika lenyewe, kama Masunga alivyosema. Na gari likirudi nyuma kwa kupanda, linaisukuma shingo ile ile, na tela haliwezi kujua tofauti. Linadhani linaambiwa simama, linasimama. Kwenye mteremko tela linarudi kwa uzito wake, shingo haisukumwi, ndiyo maana halikamati. Tela lilikuwa zima siku zote. Lilikuwa linatii.

Nikaangalia tena kwa tochi. Juu ya shingo, pale vipande viwili vinapokutana, kuna masikio mawili ya chuma yenye matundu, na ndani ya tundu moja kipande cha pini kilichokatika. Palikuwa na kitu hapo. Kitu cha kuangushwa kati ya vile vipande ili shingo isiingie wakati wa kurudi nyuma, halafu kiinuliwe. Kimekatika njiani, baharini au kwenye treni, hakuna aliyekiona kinaanguka.

Nilikaa chini kwenye tope. Dominika akauliza, "Nini?" Nikamwambia, "Yule kijana alishaniambia. Mara tatu."

Alhamisi, 16 Desemba

Nimetengeneza kipande hicho kutokana na jani la springi ya lori. Nimekikata, nimekichoma moto, nimekifua, nimekitoboa. Nimekipaka rangi nyekundu. Kisha nimekaza kabisa nati za waya, kama zilivyokuwa, na mpira nimeushona kwa uzi wa viatu.

Jambo moja linanitisha. Mtu akikisahau chini wakati wa kwenda mbele, tela halina breki tena. Nimekaa nikifikiri namna ya chuma kitakachoinuka chenyewe. Sijui. Nitawaambia kwamba sijui.

Jumatatu, 20 Desemba

Landrova imeshapata rejeta nyingine. Masunga amekuja na plasta yake, nikaendesha mimi. Uani, kwa kupanda: chuma kimeshushwa, tela limerudi mpaka ukutani. Kimeinuliwa, tukaenda mteremko wa parokia: nimekanyaga breki, nikalisikia tela nyuma yangu likijishika, polepole, kama mtu anayeshika pumzi.

"Ndiyo hivyo," akasema Masunga. "Ndivyo lilivyokuwa toka Mbeya."

Nilizima injini. Nikamwambia, mbele ya Padri na majirani waliokuja kuona kama nitashindwa, kwamba ubovu aliuona yeye. Akaona aibu, akaanza kukwangua tope kwenye plasta. Padri akamwambia Dominika kwamba barua ya Ulaya ataiandika upya.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Mama yake Masunga ametuletea kuku. Ndugu yangu Nestory alikuwepo, yeye na mama huyo wamekula sahani moja, hawakuzungumza habari za mahindi.

Jumatano, 12 Januari 1994

Tulingoja siku tatu kavu zifuatane. Jana tukashuka.

Niliendesha mimi, Masunga pembeni. Kabla ya uwanda kwisha nikasimama, tukashuka wote wawili, kila mmoja akakitazama kile chuma chekundu kwa zamu. Kiko juu. Tukaanza mteremko kwa gia ya kwanza. Pale kwenye kona bado kuna rangi ya Landrova kwenye mwamba. Tela lilijishika kila nilipoliomba.

Ufuoni Kasanga kuna tuta la mchanga kabla ya maji. Lazima upande kinyumenyume ndipo ushuke. Masunga akashusha chuma, akasimama mchangani nyuma yangu, mkono mzima umeinuliwa. Boti ilikuwa imefunika kila kitu, kwenye vioo sikuona ziwa wala tuta, nilimwona yeye peke yake. Akielekeza kulia nakwenda kulia. Akifumba ngumi nasimama. Sikujua niko wapi, na sikuogopa. Kisha usukani ukawa mwepesi, Landrova ikapumua. Nilipogeuka, boti ilikuwa imeliacha tela yenyewe, inayumba kidogo huku na huku.

Edith alikuwa amekuja kwa mtumbwi. Amekonda. Alimsalimia Masunga kwanza, kwa mikono miwili, kisha mimi. Tulikaa kwenye kibanda cha chai na nikamwambia, "Ile ajali ilikuwa yangu."

"Najua baba. Masunga aliniandikia kwamba boti itachelewa, akasema ni barabara. Mimi hiyo barabara nimepita miaka minne." Akasogeza kikombe changu. "Kunywa, inapoa."

Saa nane mchana akaondoka na boti na nahodha. Kijijini kulikuwa na mama aliyekuwa anangoja. Hakupunga mkono, alikuwa ameshikilia masanduku ya dawa. Tulisimama ufuoni tukisikiliza injini hadi ikawa mlio wa nyuki, kisha haikuwa kitu. Saa kumi na moja wakarudi. Yule mama alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akikunja uso, ameegemea bega zima la Masunga hadi kituo cha afya.

Leo asubuhi Edith alikuja kutuambia: mtoto wa kike, mama mzima. Alisema hivyo tu, akaenda kulala.

Tela tumeliacha Kasanga. Tulipanda mlima tukiwa wepesi, na juu ukungu ukatupokea, ule ule mweupe, mnene, unaofuta miti na ng'ombe na watu. Baada ya Matai nilianza kumwambia Masunga jambo fulani, sikumbuki nini. Hakujibu. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mkono wa plasta umepakatwa kama mtoto, mdomo wazi. Mbele, barabara ilikuwa na mashimo.

Nikapunguza mwendo.